Bunduki ya kwanza ya kanga na kwale: kabla hujaiwekea semi pesa ya korosho

Siku chache baada ya malipo ya mnada wa korosho kuingia, mpwa wangu alinipigia simu kutoka Nachingwea. Alikuwa ameshaamua. Anataka shotigani, yaani bunduki ya marisau, ya kuwindia kanga, tena semi, ile inayojijaza yenyewe, na alichokuwa anakitaka kwangu ni jina la kampuni tu. "Mjomba, we nitajie ipi nzuri, mengine niachie mimi." Tulizungumza karibu saa nzima, na jina la kampuni hatukulifikia.

Naandika hapa yale niliyomweleza, kwa sababu najua hayuko peke yake. Kusini kwetu wengi tumekulia kwenye nyumba zenye gobore. Gobore unalijaza mdomoni: baruti, kizibo, marisau (zile punje ndogo zinazompiga ndege), unashindilia kwa ufito. Ukishafyatua umebaki na bomba la chuma mkononi, na kanga waliosalia wanakimbilia kichakani huku unawatazama. Mtu aliyekulia hapo akisikia kuna bunduki inayojijaza yenyewe, akili yake inakwenda moja kwa moja kwa wale kanga waliokimbia. Namwelewa kabisa. Ila bunduki ya kwanza haichaguliwi kwa kuanzia hapo.

Semi inajijazaje

Baruti ikiungua ndani ya mtutu inazaa gesi, na gesi ndiyo inayosukuma marisau mbele. Nguvu ile ile inairudisha bunduki nyuma, na ndilo teke unalolisikia begani. Kwenye bunduki ya mitutu miwili teke lote linaishia kwako. Semi inachukua sehemu ya nguvu hiyo na kuipa kazi: ifungue bolti (kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), itupe ganda tupu la risasi, ibane springi, iingize risasi inayofuata. Kila ukibonyeza triga inalia mara moja, na kwa mlio unaofuata lazima uachie triga ubonyeze tena.

Ya kwanza kufanikiwa madukani ilibuniwa na Mmarekani John Browning. Aliipatia hataza mwaka 1900, na kiwanda cha FN cha Ubelgiji kikaanza kuitengeneza mwaka 1902. Ikaja kuitwa Auto-5, kwa kuwa ilibeba risasi tano. Kwenye bunduki ile mtutu wenyewe unarudi nyuma pamoja na bolti, kisha unasogea mbele, na anayeipiga anausikia ukicheza mkononi. Siku hizi madukani utakutana na njia mbili nyingine, na tofauti yake ina maana kwa mtu wa kwetu.

Njia ya kwanza ni ya gesi. Mtutu una vitundu vidogo kwa chini, gesi kidogo inapenya humo na kusukuma pistoni iliyojificha chini ya ule mti wa mbele unaoushika. Pistoni inasukuma bolti. Remington 1100 ya mwaka 1963 ndiyo iliyowafanya watu wengi wazipende bunduki hizi, kwa sababu teke lake ni la taratibu: nguvu inagawanywa kwenye muda mrefu kidogo badala ya kukupiga kwa pigo moja. Ubaya wake ni masizi. Gesi ile ni chafu, na kila mlio unaacha uchafu kwenye pistoni.

Njia ya pili ni ile iliyopewa jina kubwa na kampuni ya Benelli ya Italia. Hapa gesi haiguswi. Bolti ina vipande viwili na springi nene katikati. Bunduki ikirudi nyuma, mwili mzito wa bolti unabaki nyuma ya mwendo huo, kama abiria aliyesimama kwenye basi linapoondoka ghafla. Springi inabanwa, kisha inafyatuka na kuirusha bolti nyuma. Bunduki ya namna hii inabaki safi na huwa nyepesi, lakini ili ifanye kazi lazima irudi nyuma vya kutosha. Ukitumia risasi dhaifu, au ukiishika vibaya, inakwama.

Hilo nimeliona kwa macho. Rafiki yangu mmoja wa Masasi alinunua semi ya aina hiyo iliyokwisha kutumika, pamoja na maboksi ya risasi za gramu 24, zile nyepesi za kulengea visahani vinavyorushwa hewani. Kila akipiga, ganda linabaki limebanwa nusu nje nusu ndani, kama kijiti mdomoni. Akaipeleka kwa fundi, springi ikabadilishwa. Ikakwama. Ikapigwa msasa, jambo ambalo halikupaswa kufanywa kabisa. Ikakwama. Siku moja tukaijaribu kwa risasi za gramu 32, ikalia tatu mfululizo bila shida. Bunduki ilikuwa nzima tangu mwanzo. Risasi zilikuwa hazina teke la kuirudisha.

Sheria mbili, karatasi mbili

Hapa ndipo mpwa wangu alipokaa kimya kwa muda.

Kwetu Tanzania, kumiliki bunduki kunaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi yanaanzia kwenye serikali ya kijiji au mtaa wako, ambako watu wanakujua, kisha yanapanda hadi polisi. Kuwinda ni habari nyingine: huko inasimama Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kanga na kwale ni wanyamapori kwa sheria hiyo, hata kama wanachakura shambani kwako. Leseni ya bunduki haikuruhusu kumpiga kwale hata mmoja. Unahitaji kibali cha kuwinda, na kibali kinataja ndege gani, wangapi na eneo gani. Lukwika-Lumesule kule Nanyumbu, Msanjesi kule Masasi, na Selous upande wa Liwale ni mapori ya akiba. Hayo si mahali pa kuingia na bunduki kwa sababu umewaona kanga wakivuka barabara kuelekea huko.

Sheria hiyo ya wanyamapori ina orodha ya zana na njia zilizokatazwa kuwindia. Sumu imo, mitego imo, kuwinda kwa gari kumo. Na imo silaha inayotoa risasi zaidi ya moja kwa kubonyeza mara moja, au inayojijaza yenyewe zaidi ya mara moja bila mpigaji kufanya kitu. Semi ya kawaida ya dukani, yenye risasi moja kwenye chemba (pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa ikisubiri kupigwa) na nyingine tatu au nne kwenye bomba lililo chini ya mtutu, inaingia humo nzima nzima.

Utaambiwa na muuzaji kwamba kuna kizibo cha kupunguza nafasi kwenye bomba, ili bunduki ibebe risasi mbili tu. Kweli kizibo hicho kipo, na nchi nyingine kinatakiwa kisheria. Lakini kama kwako kinatosha, jibu hilo lisitoke kwa mtu anayekuuzia. Liombe kwa ofisa wanyamapori, kwa maandishi, ukiwa na jina na modeli ya bunduki yenyewe, kabla pesa haijatoka mfukoni. Bunduki ni mali ghali, na ukishainunua hairudishwi kama shati lililobana.

Ndiyo maana nikamwambia mpwa wangu: bunduki ya kwanza iwe ya mitutu miwili. Naamini hivyo hata sheria ingekuwa tofauti, na sababu yangu kubwa ni watu.

Fikiria Novemba shambani. Mikorosho imefyekewa chini ikawa safi, na tangu alfajiri kina mama na watoto wameinama wanaokota. Asubuhi hiyo hiyo kanga nao wamo humo humo. Risau la milimita tatu linaweza kwenda zaidi ya mita 200 kabla halijaanguka. Halitaua mtu kwa umbali huo, lakini jicho linaweza kuliumiza vibaya. Sasa semi ukishafyatua imejijaza tena, imefunga, na kwa kuitazama huwezi kujua. Mitutu miwili ukiivunja katikati, yaani ukiikunja kwenye bawaba yake, ukaitundika mkononi, kila mtu anaona kwa mbali kwamba haiwezi kulia: yule mama chini ya mkorosho anaona, na mwenzako mnayevuka naye mtaro anaona. Mtu anayejifunza anahitaji bunduki ambayo hali yake inaonekana.

Kanga anaangushwa na nini

Mlio wa tatu ni mara chache sana kuangusha ndege. Wa kwanza ulikosa kwa sababu fulani, wa pili ukakosa kwa sababu ile ile, na wa tatu unaifuata. Sababu zenyewe huwa ni umbali, marisau yasiyofaa, au bunduki isiyokukaa mwilini.

Anza na geji. Hesabu yake ni ya zamani: chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe kuwa goroli 12 zinazolingana, na mtutu unaopitisha goroli moja kati ya hizo ni geji 12. Kwa hiyo geji 20 ni mtutu mwembamba zaidi, ingawa namba ni kubwa. Geji 12 ina upana wa kama milimita 18.5, na geji 20 kama 15.6. Kwa kwetu chukua 12, kwa sababu moja tu: risasi zake ndizo rahisi kupatikana.

Na kama nyumbani tayari kuna bunduki ya geji 20, sikia hili vizuri. Risasi ya 20 ukiitumbukiza kwenye mtutu wa 12 haitokei mbele na haibaki nyuma. Inateleza inakwama katikati. Wewe unaona chemba iko tupu, unaweka ya 12, unapiga. Mtutu unapasuka, na mkono wako wa kushoto uko palepale unapopasukia. Ndiyo maana viwanda vimeamua kuipaka risasi ya 20 rangi ya njano. Zikae kwenye mifuko tofauti, na zaidi ya hapo, kwenye safari moja ichukuliwe geji moja tu.

Kisha marisau. Namba ikipanda, risau linapungua, na hapo watu wengi wanapotea. Tena namba 6 ya Mwingereza ina milimita 2.6, na namba 6 ya Mmarekani ina kama 2.8, kwa hiyo nimezoea kusoma milimita kwenye boksi na kuiacha namba. Kanga ni ndege mzito, kilo moja na zaidi, na manyoya yake yamejipanga kama vigae. Mpige kwa marisau ya kama milimita 3. Kwale anatosha kwa 2.6. Hua na ninga ni 2.4 au pungufu. Marisau makubwa yana nguvu zaidi lakini ni machache: gramu 28 za milimita 2.6 ni kama punje 270, na ukipanda hadi milimita 3 punje zinapungua sana, mianya inaongezeka. Huwezi kuongeza kimoja bila kupunguza kingine.

Kinachobaki ni choki, ule mbano mdogo kwenye mdomo wa mtutu. Mbano mkubwa unayaweka marisau pamoja kwa muda mrefu, na mtutu usio na mbano unayaachia mapema. Kipimo kinachotumika ni duara la sentimita 75 kwa umbali wa kama mita 36. Choki kamili inaingiza kama asilimia 70 ya marisau humo ndani, nusu choki kama 60, robo choki kama 50, na mtutu mtupu kama 40. Na huu ndio uzuri mkubwa wa mitutu miwili ambao semi haina: kila mtutu una choki yake. Kwale akiruka miguuni pako unampiga kwa ule ulio wazi. Kanga aliyekwisha kwenda mbali kidogo unampiga kwa ule uliobana. Unachagua kwa kidole, papo hapo.

Jambo hili usiliamini kwa maneno, lijaribu kwenye karatasi. Mwaka juzi mimi na mpwa wangu tulichukua makaratasi makubwa ya kufungia bidhaa tukayatundika mbele ya kichuguu kipana, nyuma yake hakuna njia wala shamba. Nikampa bunduki yangu, choki kamili, hatua 15. Karatasi ilitoka na tundu moja linalolingana na kisahani cha chai, kingo zake zimechanika. Nikamwambia afikirie kwale mahali pale. Akaliingiza vidole vinne tundu lile akasema, "Hapa hakuna cha kula." Kisha robo choki, hatua 30. Karatasi ikajaa vitundu kama ungo, na tukachora duara kwa mkaa na kamba tukahesabu punje moja moja. Kulikuwa na upande mmoja wa chini ambako mtu angeweza kuweka kiganja bila kugusa tundu hata moja. Kwale angepita hapo akiwa hai. Kila mtutu una tabia zake na risasi fulani, na hakuna boksi linalokuandikia hilo.

Baada ya siku hiyo aliacha kunisimulia habari za watu wanaopiga kanga hatua 70. Hatua 35 ni mbali, 40 ndiyo mwisho. Ndege aliyejeruhiwa akaenda kufia kichakani ni nyama iliyopotea na ni mateso bure, na kwenye kibali chako amehesabiwa.

Bunduki ikukae

Shotigani hailengwi kama raifo. Unamtazama ndege, mikono inaleta bunduki shavuni, na mtutu unakwenda jicho linakokwenda. Kama kitako ni kirefu kwako kitanasa kwenye koti au kwapani. Kikiwa kifupi, kidole gumba kitakupiga pua. Dukani, baada ya kuhakikisha haina risasi na muuzaji amehakikisha pia, fumba macho, iweke begani kama unavyojisikia, fumbua. Ukiona mgongo wa mtutu umenyooka mbele ya jicho, iko karibu na mwili wako. Ukiona ubavu wake, au huoni kitu ila chuma cha nyuma, iache hata kama imepungua bei. Mjue pia jicho lako kuu: nyoosha kidole kwenye kitu cha mbali macho yote yakiwa wazi, kisha fumba moja moja. Lile ambalo likibaki wazi peke yake kidole hakihami ndilo jicho kuu. Kuna watu wa mkono wa kulia wenye jicho kuu la kushoto, na wanahangaika miaka wakilaumu bunduki.

Wengi wetu lakini hatununui mpya. Tunaipata ya mjomba, au ya mzee fulani aliyestaafu. Leseni ni ya mtu, hairithiwi pamoja na bunduki. Mwenyewe akifariki, silaha inaripotiwa polisi na wewe unaanza maombi yako. Ukifika kwenye kuikagua, toa ule mti wa mbele, shika kitako, itikise taratibu karibu na sikio. Ikigonga-gonga, bawaba imelika. Tazama ndani ya mitutu kuelekea mwanga: vidoa vya kutu vinaonekana kama ndui, na bonde dogo la mtutu uliogongwa linaonekana kama kivuli kilichovunjika.

Na kuna moja ambalo hata mafundi wengine hulisahau. Bunduki nyingi za zamani za Kiingereza chemba yake ni ya milimita 65. Risasi nyingi za sasa ni za 70. Risasi ya 70 inaingia vizuri humo, bunduki inafunga bila kulalamika, kwa sababu urefu huo unapimwa ganda likiwa limeshafunguka. Likifunguka halina nafasi, linabana njia, na msukumo wa gesi unapanda kupita kiasi mtutu wa zamani ulichotengenezewa. Urefu wa chemba umechongwa chini ya mitutu, pale panapoonekana ukishaivua kutoka kwenye kitako. Usome. Kama hausomeki, fundi aupime. Risasi ndefu za 76, zile za teke kubwa, usizinunue kwa kanga hata kama chemba yako inazikubali. Bega litaanza kuogopa kabla kidole hakijabonyeza.

Utunzaji nao unategemea unakoishi. Nachingwea na Masasi kuna afadhali. Mtwara mjini, Mikindani, Lindi, Kilwa, upepo wa bahari unabeba chumvi, na bunduki iliyofungiwa kwenye mfuko wake wa ngozi inapata kutu ndani ya wiki moja. Itoe kwenye mfuko, ikaushe, ipanguse kwa mafuta mepesi ya mashine, hata yale ya cherehani, na ifungiwe kwenye kabati la chuma lenye kufuli, risasi zikae kwingine. Mafuta ya nazi usiyaguse, yanaganda na kukamata vumbi. Semi ya gesi ikiachwa na masizi yake kwenye hewa ya pwani, pistoni inashika kama imetiwa saruji. Nimewahi kuisaidia moja itoke kwa nyundo ya mti na mafuta ya taa, kazi ya mchana kutwa.

Mpwa wangu sasa anasubiri barua ya leseni ya bunduki. Bunduki aliyoiona ni ya mitutu miwili, mmoja robo choki, mwingine nusu, chemba 70. Kitako kilikuwa kirefu kwake kwa kama vidole viwili, na fundi wa mbao amekubali kukipunguza. Makaratasi ya kufungia bidhaa ameshayakusanya, ameyakunja na kuyaweka juu ya dari.